Vilima Vitupu vya Kanazi na Mkutubi Aliyeonja Senene

Mdogo wangu Deogratias,

Kosa la watu wengi ni hili: wanaandika maneno mawili kwenye simu, wanaona hakuna kitu, kisha wanatangaza kwamba hakuna kitu duniani. Ndilo kosa lako pia, na nitakueleza taratibu kama kawaida yangu. Lakini kwanza, marahaba. Najua umetamka shikamoo kabla hata hujaanza kusoma, maana ndivyo mama alivyotulea. Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia kwa sababu ya baridi ya huku, ila kichwa bado kinafanya kazi. Mama anaendeleaje na mguu? Migomba ya nyuma ya nyumba ilisimama tena baada ya ule upepo? Na wifi yangu Leokadia, bado anakucheka ukisoma vitabu kwa sauti?

Ujumbe wako wa jana usiku niliusoma mara tatu. Uliandika: "Dada, nimeshindwa. Msimamizi wangu anataka Jumatatu nimwambie kama nabaki na mada au naibadilisha. Vyanzo vya mambo ya Korea havipatikani. Naiacha." Nikaiweka simu mezani, nikakumbuka siku niliyokuja kuwaaga. Tulisimama wawili pale juu Kanazi, tukaviangalia vilima vya ng'ambo vilivyobaki udongo na mawe. Nikakuambia kwamba huku Korea ninakokuja kuishi na mwanangu Editha na kumlelea mtoto, milima nayo ilikuwa mitupu baada ya vita vyao, na leo imejaa miti. Wewe ukauliza, "Nani aliipanda?"

Deo, swali hilo ndilo lililokurudisha chuoni, wewe mwalimu wa shule ya msingi unayesahihisha madaftari ya darasa la sita mchana na kusomea shahada ya uzamili jioni. Sikubali life kwa sababu simu imesema haikuona.

Sasa nisikilize nilivyolitafuta mimi tangu kabla ya ujumbe wako huo, na nilivyokosea mimi, maana nami nilikosea.

Maktaba kubwa za huku zina wakutubi wa kila fani. Yuko wa sheria, yuko wa tiba, na yuko ambaye kazi yake yote ni kuwasaidia watu wanaochunguza historia na maisha ya Korea, hata kama wako mbali na hawajui lugha. Hawa hawalindi vitabu tu. Wanalipwa ili waulizwe maswali. Editha alinitafutia anwani ya mmoja wao kwenye tovuti ya maktaba ya chuo kimoja, mama mtu mzima anayeitwa Bibi Yun, anayejua Kiingereza vizuri.

Nikamwandikia baruapepe kama mtu aliyelelewa. Nikamsalimia, nikajitambulisha kuwa mwalimu mstaafu wa historia kutoka Ngara, nikamuuliza habari za nyumbani kwake, za wazazi wake na za mvua. Sikuomba kitu. Wewe unajua kwetu: mtu hafiki mlangoni akasema "nipe jembe." Anakaribishwa, anakaa, anaulizwa habari za njiani, anauliza za mifugo, na jembe linatajwa akiwa ameshanyanyuka kuaga. Bibi Yun akajibu siku ileile: hajambo, wazazi hawajambo, mvua haijanyesha, nikusaidie nini? Mimi nikaona hayo ya mwisho ni adabu tu ya ofisini. Nikamshukuru, nikauliza umri wa mama yake. Akajibu, kwa ufupi kidogo. Barua ya tatu nikamweleza aina za ndizi zetu.

Editha akanikuta nachapa ya nne.

"Mama, umeshamwomba vitabu vya mjomba?"

"Bado. Tunafahamiana kwanza."

"Siku kumi mnafahamiana! Huyu mtu yuko kazini, Mama. Atadhani unamtafutia mchumba."

"Wewe umekaa huku mpaka umesahau kwenu."

"Sijasahau. Ila huku ukimwambia mtu shida yako mapema ndiyo unamheshimu. Usipomwambia, anabaki anahangaika: huyu mama anataka nini?"

Nilinuna mpaka chai ilipopoa. Kisha nikaandika mistari minne tu: nani anatafuta, anatafuta nini, kwa ajili gani, lini anahitaji. Jibu likaja kabla sijaosha kikombe: "Karibu Jumanne saa nne asubuhi. Nimefurahi sana kujua, hatimaye, unachotaka." Hilo neno "hatimaye" Editha analicheka mpaka leo.

Jumanne ilikuwa jana. Kwenda mikono mitupu sikuweza. Nilikuwa na kikopo cha senene wa kukaanga alichotuletea mgeni kutoka Kagera, nikakitia kwenye mkoba. Bibi Yun alipokiona akasimama, akainama kwa heshima, akasema, "Samahani, Mwalimu. Haturuhusiwi kupokea zawadi za wasomaji."

"Si zawadi," nikamwambia. "Ni chakula."

"Chakula pia haturuhusiwi."

Niliona aibu, Deo. Nikaanza kukirudisha mkobani. Lakini kikopo kilikuwa cha kioo, naye akainama tena, safari hii si kwa heshima, bali kutazama. "Hawa ni nini?"

"Senene. Panzi wa kwetu."

Akacheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka. "Mama yangu alikuwa akinituma na chupa kwenye mashamba ya mpunga niwakamate! Alikuwa anawakaanga na chumvi!" Akanishika mkono, tukatoka hadi chumba cha kulia chakula. Mimi nikala, yeye akachukua mmoja, kisha wa pili, kisha nikaacha kuhesabu. "Kuonja si kupokea," akaniambia, uso mkavu kabisa.

Tuliporudi mezani akauliza, "Sasa niambie hasa. Ndugu yako anatafuta nini?"

"Miti ya Korea."

"Hiyo ni nchi nzima. Swali lake ni lipi?"

"Anauliza, nani aliipanda."

"Mama yangu aliipanda," akasema. "Yeye na wanawake wa kijijini kwao. Miche walibeba migongoni, kwenye vikapu, hadi juu."

Basi akaanza kazi, na hapa ndipo uchukue kalamu. Hakuanza kwa kuuliza mtandao mzima kama ulivyofanya wewe. Alianza kwa kutafuta tasnifu moja nzuri ya mtu aliyekwisha kuandika juu ya misitu ya vijijini, kwenye hazina ya tasnifu ambayo yeyote anaisoma bure. Wasomi wengi wa huku wakiandika kwa Kikorea huweka na ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiingereza, kwa hiyo hata wewe unaweza kujua kama kazi inakufaa. Kisha, badala ya kusoma mwanzo, akaruka hadi kurasa za mwisho, kwenye orodha ya marejeo. Pale mwandishi amekuonyesha kila alikopita: ripoti, magazeti ya zamani, kumbukumbu za vijiji. Akayachukua maneno muhimu ya Kikorea yaliyokuwa chini ya ikisiri, akayanakili kama yalivyo, akayabandika kwenye katalogi ya pamoja ya maktaba za vyuo. Mimi nilikuwa nimejaribu humo kwa Kiingereza nikapata vitabu vichache vya watalii. Kwa maneno yale, orodha ilishuka, ikashuka, hadi nikamwambia asimame nipumue.

Si vyote utavifungua ukiwa Kanazi, nisikudanganye. Vingine vinasomwa bure popote, hata kwa bando lako dogo. Vingine vinataka ujiandikishe kwanza. Vingine haviruhusiwi kutoka ndani ya jengo, na ndiyo maana mkutubi yupo: mtafiti anamwandikia, anataja kurasa anazozihitaji, naye kama sheria inaruhusu anazipiga skani na kumtumia. Na tafsiri ya mashine itumie kujua habari inahusu nini tu. Usiinukuu sentensi yake hadi mtu anayejua Kikorea aisome. Editha amekubali kuzisoma nawe, ingawa amesema malipo ni maharage ya wifi Leokadia.

Karibu na adhuhuri akafungua kumbukumbu ya kijiji kimoja, kilicho jirani na kwao. Ukurasa wa zamani, umeandikwa kwa mkono, mistari imenyooka kama ya daftari la mahudhurio. Nikamuuliza ni nini.

"Ni majina," akasema. "Kila kaya, nani alipanda mlimani siku hiyo, na alibeba miche mingapi."

"Wanawake wamo?"

Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kusoma. Jina la mwanamke. Jina la mwanamke. Mke wa fulani. Mjane wa fulani. Jina la mwanamke. Alisoma polepole, kama anaita darasa, nami nikawa naona akina mama wa kwetu, wa Kirushya na Murukulazo, wakipanda kilima na vikapu. Deo, nilipiga kigelegele. Maktabani! Kilitoka chenyewe. Mlinzi akaja mbio. Bibi Yun akamgeukia akamwambia jambo kwa Kikorea, mlinzi akaniinamia, akaondoka kwa kunyata.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia Mwalimu amepata chanzo."

Nikamwomba hapohapo anipe nakala nikutumie. Akatikisa kichwa. Ukurasa ule ni kati ya vile visivyotoka bila ombi, na ombi lazima litoke kwa mwenye utafiti mwenyewe. Akiona barua yako asubuhi, siku ya pili yake atakutumia. Leo ni Jumatano. Huku tumewatangulia kwa saa sita, kwa hiyo ukiandika leo, ataikuta kesho akifungua ofisi, Ijumaa unao ukurasa mkononi, Jumatatu unauweka mezani kwa msimamizi wako bila kusema neno. Ukichelewa hadi kesho jioni, tunaangukia mwisho wa juma, ofisi imefungwa, na Jumatatu utakwenda na maneno yangu tu. Msimamizi hapokei maneno ya dada.

Nisalimie mama, mwambie binti yake anakula na amenenepa, na kigelegele alichonifundisha kimefika mbali. Msalimie wifi Leokadia, akuruhusu leo usichote maji. Msalimie katekista wetu mzee, mwambie baridi hii ingemfanya afupishe mahubiri. Walimu wenzako pia, hasa yule mwalimu mkuu aliyesema Korea haikuhusu.

Editha ataipiga picha barua hii sasa hivi aitume kwenye simu yako, na anwani ya Bibi Yun ameiandika kwa herufi kubwa hapo chini. Nakujua, utataka kwanza umsalimie, umuulize habari za mvua, usubiri ajibu. Usihangaike. Salamu zako zote nimekwisha kumpa kwa barua tatu, pamoja na habari za mguu wa mama na aina zote za ndizi. Kilichobaki ni kuomba. Ni mimi dada yako Perpetua, ninayekuagiza jambo moja tu: panda pale juu Kanazi penye mtandao mzuri, umwandikie Bibi Yun mistari minne, leo.