Mama Anapita Phaltan

Pune, 21 Juni 1987

Mwanangu Sindhu,

Salamu tele kwako na kwa mkwe wangu. Mimi ni mzima, ukiacha miguu, ambayo nayo ni mizima ila imevimba. Nyinyi je? Kifua cha mkwe kimepona? Mwambie anywe maji ya tangawizi na apunguze kubishana.

Tumeingia Pune jana jioni nyuma ya machela yenye ndara za mtakatifu wetu, mvua ikitunyeshea mpaka mifupani, na leo tunapumzika. Kundi letu limepewa veranda ya karani mmoja huku Bhavani Peth. Mkewe alinikalisha kwenye kiti, akaninyoosha miguu akaanza kuikanda kwa mafuta. Nikamwambia, "Mama wee, acha, una kazi nyingi." Akanijibu, "Mauli, usininyime baraka yangu." Ndivyo mambo yalivyo huku njiani. Jina umeliacha nyumbani, kila mtu ni Mauli, yaani mama, mkubwa kwa mdogo, na kila mtu anainamia miguu ya mwenzake. Halafu chakula! Mikate ya bhakri ya mtama imetoka motoni, mchuzi wa dengu, na vitamu juu yake. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Marehemu baba yako alikuwa anatembea mbele na matoazi yake. Mimi wameniweka nyuma na wanawake, nimebeba chungu cha mrehani kichwani. Kuna wanaume walinong'ona kwamba mjane wa Ganpat hatafika hata Saswad. Jirani yetu Godavari akawauliza ni nani kati yao huwa anachota maji kwao. Basi safari ya nyumba yetu haijakatika, hata kama mwenyewe katangulia. Tatizo langu ni Godavari huyohuyo, maana analala karibu yangu na anakoroma mpaka ng'ombe wa machela wanageuza shingo.

Tarehe 29 tutafika Phaltan. Nitapita kwako, nitakaa barazani nikuone. Usipike. Unajua desturi yetu, mama hali nyumbani kwa binti yake mpaka binti apate mtoto, hata maji hanywi. Ila mwaka huu nimetoka mwenyewe, si baba yako. Jejuri nitapanda hekaluni kukuombea, na nikifika Pandharpur nitamganda mungu wetu Vithoba miguuni mpaka achoke na mimi. Mwakani nitakula kwako hadi mnifukuze.

Barua hii nampa Shinde, yule kijana wa kwetu aliye kondakta wa basi la Phaltan. Basi lake linapita njia yetu hii hii, kwa hiyo majibu mpe yeye. Saswad tutakuwepo siku mbili.

Mama yako,
Yamuna


Phaltan, 22 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua nimeipata jana usiku, Shinde kaitoa kwenye mkoba wa tiketi imelowa, maneno mengine nimeyakisia. Mwenyewe, mkweo, kifua kimepona. Tangawizi amekunywa. Kubishana hajapunguza.

Nimefurahi umekula vizuri Pune. Nimefurahi kweli, kisha nikakaa chini nikaanza kukasirika. Huyo mke wa karani humjui hata jina. Kwake umekula mpaka ukaona aibu. Kwangu mara ya mwisho ulikuja na bhakri zako kwenye kitambaa, zimekauka ngumu, ukazila jikoni kwangu na pilipili yako ya kutoka nyumbani, huku wali wangu unafuka mvuke pembeni. Nami nimekaa mbele yako nakupepea. Unajua ilivyoniuma? Ulipoondoka wali ule niliwapa majirani, nikawaambia umebaki.

Sasa nina neno, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Usipande Jejuri kwa ajili yangu. Mwaka juzi tulikwenda hospitali huko Pune, daktari akatupima wote wawili. Alisema hapana, mama. Hakusema labda. Nililia sana siku zile, na mwenyewe naye alilia, akienda kulia uani akidhani simwoni. Sasa hatulii. Jioni nafundisha watoto wa mtaa hesabu, nyumba inajaa kelele, wakiondoka tunakunywa chai na tunacheka. Tunaishi vizuri. Wewe tu ndiye bado unasubiri, na kila nikikuona unasubiri nahisi nimekukosea tena.

Baba alijua. Mwaka jana alipopita alikaa barazani kama kawaida yake, na ile lota yake ya shaba yenye maji aliyoyachota hemani kwa wenzake. Nikamwambia. Akaizungusha lota mkononi, mpaka nikajuta. Kisha akasema, "Sindhu, niletee maji." Nikadhani sikusikia vizuri. Nikaleta, akanywa yote, akaomba tena. Akauliza kuna nini cha kula. Kulikuwa na wali wa asubuhi tu na maziwa ya mgando, siku hiyo nilikuwa sijapika maana nilijua hatakula. Akala akamaliza. Akasema nisikwambie, atakwambia mwenyewe. Naona hakukwambia.

Mama, tarehe 29 nitapika. Nataka ule kwangu. Sina ombi lingine.

Binti yako,
Sindhu


Phaltan, 26 Juni

Mama,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mbona kimya?

Shinde anasema Saswad alikukabidhi barua mkononi. Uliisoma umesimama, ukaikunja ukaitia kifuani, ukamuuliza kama basi limejaa. Jejuri alisimamisha basi akakutafuta, wakamwambia umepanda hekaluni. Jana hukumpa kitu.

Labda nimekosea kukuandikia mambo haya ukiwa njiani na chungu kichwani. Lakini ningekwambia lini? Ukiwa umekaa barazani kwangu na dakika zako chache? Mwenyewe amenigombeza, anasema ningesubiri urudi kijijini. Naye nimemgombeza. Nyumba haina raha.

Niandikie Lonand hapo, hata matusi.

Sindhu wako


Lonand, 27 Juni

Sindhu,

Marahaba. Mimi mzima. Acheni kugombana.

Matusi sina, yamekwisha kwa marehemu baba yako. Toka Saswad wenzangu wanaimba majina ya Mungu, mimi nagombana na mtu aliyekwisha chomwa. Mwaka jana alirudi akaniambia, "Sindhu hajambo, anakusalimia." Basi! Kumbe tumboni amebeba wali wako na maziwa ya mgando. Tumelala chumba kimoja miezi yote ile mpaka amekufa, na hakutoa neno. Nilikuwa namuuliza kwa sauti, "Ulikuwa unanihurumia au unaniogopa?" Godavari akadhani nasali, akaniitikia kwa jina la Mungu, "Vithal, Vithal!"

Jejuri nilipanda. Nilikuwa nimefika katikati ya ngazi ndipo nikakumbuka kwamba umenikataza. Watu wanarusha manjano hewani, mimi nimekaa kwenye ngazi na chungu mapajani, nimekuwa wa njano toka nywele hadi vidole, sijui niombe nini. Nikashuka.

Unadhani sikutaka chakula chako. Mwanangu, nilikuwa namshikia mtoto nafasi. Zile bhakri kavu, kila tonge nilikuwa nasema bado, bado kidogo, anakuja. Nikila kwako nitakuwa nimesema haji. Mimi niliye bibi yake ndiye nimfungie mlango? Wewe na mumeo mmelia mkamaliza. Mimi habari nimeipata majuzi Saswad, nimesimama barabarani, na kondakta ananipigia kengele kwamba basi linaondoka. Nami nina haki ya kulia kidogo.

Kwa hiyo usipike. Nitalala hemani na wenzangu. Nikipata nguvu nitapita barazani.

Mama yako


Phaltan, 2 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Pandharpur, nimeituma kwenye nyumba ya wasafiri ambako kundi lenu hufikia kila mwaka. Sisi hatujambo.

Sijui nianzie wapi, maana ulikuwepo na uliona mwenyewe. Lakini uliyoyaona wewe siyo niliyoyaona mimi.

Uliniambia nisipike. Nilipika. Nikamwambia mwenyewe kwamba nimepikia kundi lolote litakalopita, akanitazama tu akaenda kuchota maji. Mchana mvua ikashuka, nikasikia matoazi mlangoni na sauti ya Bi Godavari: "Mauli! Humu kuna chakula cha wasafiri, au mnapika harufu peke yake?"

Nikafungua. Wanawake wamejaa baraza nzima, wanachuruzika maji, na wewe katikati yao umejifunika ukingo wa sari mpaka puani. Kana kwamba mimi sizijui nyayo zako. Nikafungua mdomo niseme mama. Ukanitazama, nikajua nisiseme. Nikasema, "Karibuni, Mauli."

Mkakaa mstari. Nikaanza kugawa kutoka mwisho ule, makusudi, nipate muda. Nilipofika kwako nilimimina bila kutazama sahani, mchuzi ukakumwagikia gotini. Ukala. Nilikuwa nimesimama hapo na upawa kama mjinga, yule mwenzako wa kushoto anaomba bhakri nami simsikii. Kisha ukanyanyua sahani ukasema, "Ongeza, Mauli. Nina njaa." Uliomba nyongeza, mama! Mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia na ndoo ya maji ya kunawia, ikabidi majirani waje kuichukua, hakuweza kutoka.

Mlipomaliza mkainama mmoja mmoja kugusa miguu yangu, nami nikiwagusa yenu. Zamu yako ilipofika nilikushika mabega nikuzuie, ukaniondoa mikono. Umeinama kwenye miguu yangu, wewe. Ukakaa pale chini kuliko wote, mpaka Bi Godavari akauliza, "Vipi, umedondosha pete?" Kisha mkaenda, mkiimba.

Tangu siku hiyo nina furaha na nina wasiwasi. Sijui aliyekula kwangu alikuwa nani. Wasafiri hula nyumba yoyote, na nyumba yangu ilikuwa njiani. Kama ulikula hivyo nashukuru, sitadai zaidi. Mwenyewe anasema nisichimbe, mtu kala kashiba. Lakini nataka kujua, mama. Ni wewe uliyekula, au ni Mauli mmoja tu aliyenyeshewa?

Binti yako,
Sindhu


Pandharpur, 8 Julai

Mwanangu Sindhu,

Marahaba, mwanangu. Nimefika salama, chungu kimefika salama, mrehani umechipua jani jipya kwa ajili ya mvua. Godavari amepoteza sauti kwa kuimba, ila kukoroma hakujaguswa. Mkwe wangu naye hajambo? Mwambie mwanaume mzima hajifichi nyuma ya pazia na ndoo. Niliona miguu yake.

Sitakuficha. Nilikuja kwako kama msafiri. Tulipotoka Lonand nilimwambia Godavari yote, akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akasema, "Umekula kwa karani, umekula kwa mshonaji, jana umekula kwa watu ambao hata mlango wao hukuuangalia vizuri. Nyumba ya mtoto uliyemzaa ndiyo unaikimbia? Una kichwa kweli wewe?" Nikaona nitafanya ujanja. Nitajifunika, nitakaa mstarini na wenzangu, nitakula kama ninavyokula kwa watu, na ile nafasi ya mtoto itabaki palepale. Ujanja huo ulinitosha hadi tonge la kwanza.

Juzi nilipanga foleni toka alfajiri. Nilipofika mbele ya Vithoba, nikaweka paji la uso miguuni pake, na nyuma wananisukuma. Maneno ya kumwomba mtoto nilikuwa nimeyapanga tangu kijijini, yalikuwa mdomoni. Nikamwambia Sindhu hajambo, anafundisha watoto hesabu. Nikasukumwa nje. Huko nje nikalia sana, Sindhu, kilio kile nilichokuomba nafasi yake. Nilimlilia mjukuu wangu na nikamlilia baba yako, na nikamsamehe baba yako, nusu. Godavari alinishikia chungu.

Sasa swali lako. Mke wa yule karani wa Pune, dengu zake ziliungua. Kabisa, chini ya sufuria. Nikamwambia tamu, Mauli, sijawahi kula kama hizi. Ndivyo msafiri anavyosema, mtu amekukirimu, utasema nini tena? Kwako nilikusudia kusema hivyo hivyo. Nimeweka tonge mdomoni, moyo ukakataa kutulia, mkono unaniwasha nisimame nije jikoni nikutoe kwenye hilo jiko. Nyongeza niliomba kwa sababu nina njaa ya mkono wako miaka yote hii. Lakini mchuzi wako umezidi chumvi, Sindhu. Umezidi sana. Na bhakri zako ni nene, sijui nani kakufundisha, maana mimi sikukufundisha hivyo.

Diwali ikiisha nakuja kukaa mwezi mzima. Usiguse jiko mpaka nifike.

Mama yako,
Yamuna