Hitima ya Amuri

Kasongo, 8 Oktoba 1956

Kaka yangu mpenzi Zuberi, huko Kabambare,

Asalamu alaykum. Mguu wako unaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi.

Binti yako Nuru uliyenikabidhi amepokelewa katika shule mpya ya serikali. Wanasema utawala wa kule Ubelgiji umebadilika, na walioushika sasa hawataki tena masomo yawe mkononi mwa mapadri peke yao. Nilikwenda na kuku, kama tunavyomwendea mkubwa, nikingoja kuulizwa dini. Karani hakuuliza. Aliandika Nuru binti Zuberi, basi, akaniambia nirudi nyumbani na kuku wangu. Njiani nilicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Maana unajua mwanangu Amuri aliingiaje masomoni. Wakati ule mlango ulikuwa mmoja tu, wa misioni ya njia ya Wamaza, na huko walimbatiza wakamwita Michel. Ulikasirika. Surua ilipomuua bwenini, wakamzika kulekule chini ya msalaba, nawe ukasema hatumsomei hitima mtu aliyebatizwa. Nikatii. Wewe ndiye mkubwa wetu, na baba yake alikuwa amekwisha kufa.

Kaka, mtoto huyu haniachi. Asubuhi nikimvalisha Nuru, namsikia nyuma ya pazia akiidai kaptula yake. Namjibu, na Nuru anashangaa. Juzi mwalimu alimwita Amuri mwingine, mtoto wa fundi cherehani, nami niliyekuwa nje dirishani nikaitika kabla yake. Watoto walicheka sana. Simwogopi mwanangu. Naogopa kwamba anatangatanga kwa sababu hakuna aliyemwombea.

Jana alikuja Hippolyte, yule katekista aliyekuwa akiuguza watoto bwenini. Ameacha kazi ya misioni, ndiyo maana mdomo umemfunguka. Akaniambia kwamba siku ya mwisho Amuri alimwomba asimwite tena Michel. Halafu akamwomba amsaidie kutoa shahada, maana ulimi ulikuwa mzito na peke yake hakuweza kuifikisha mwisho. Hippolyte ni mzaliwa wa mtaa wetu, adhana ameisikia tangu utoto. Basi yeye, Mkristo mwenye msalaba shingoni, akatamka neno mojamoja, na mtoto akafuata mpaka akamaliza. Nilimuuliza kwa nini alininyima habari hii miaka yote. Akasema, mama, nilikuwa na watoto wa kulisha. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Hitima nimeiweka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Mchele upo, na maalimu amekubali, ila anasema mkubwa wa ukoo ndiye wa kukaa mbele. Njoo, kaka, nakusihi. Usipokuja, mahali pako hapatabaki wazi: Hippolyte ameomba kukaa hapo, nami nimemkubalia.

Nisalimie wifi na watoto, na jirani yeyote atakayeniulizia. Nuru anakubusu mikono.

Ni mimi dada yako,
Mwanvua