Viganja Ulivyotuonyesha Mezani

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya fundi cherehani.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa binti yangu,

Pokea salamu nyingi kuliko wino wa kalamu hii niliyoazima kwa fundi. U mzima? Kifua kinakuacha ulale? Sisi hatujambo, ila magoti yangu yananisema nikipanda ngazi.

Mwanangu, ile barua niliyokuandikia mwezi uliopita, kwamba uache kazi ya kugawa karata kwenye kasino au usiniite tena mama, nimeijutia. Hujanijibu, na kila nikisikia hodi roho inaruka.

Sinema ndiyo iliyoniponza. Mimi na mjomba wako tulitazama moja ya hiyo poka yenu, karata za kuchezea pesa. Mtu akaweka saa mezani, akaongeza hati ya nyumba ya mkewe, mara bastola ikatoka chini ya meza. Mgawa karata kimya kama kabati. Nikasema, hapo ndipo alipo mwanangu. Nikakumbuka na ile likizo yako: ulimaliza kula, ukasimama, ukapiga kofi moja, ukageuza viganja juu na chini. Nikajua umetukung'utia mikono, nyumba hii huitaki tena.

Juzi mwenzako wa kazini, yule mnayemwita Kidole, akaleta dawa ya magoti uliyonitumia, bila hata karatasi ndani. Mjomba akamwekea ile sinema makusudi. Binti wa watu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hati ya nyumba, mama? Kwenye meza ya mwanao mtu anachezea kile tu kilichokuwa mbele yake karata zilipoanza kugawiwa. Hata kuchomoa noti mfukoni haruhusiwi."

"Na akileta ubishi?" mjomba akauliza.

"Mwanao anamtazama tu. Mbishi anakaa chini mwenyewe."

Kumbe wachezaji wa kweli muda mwingi wanatupa karata na kungoja, kama sisi kwenye foleni ya maji. Zile karata tamu kila mara ni za sinema. Akasema pia kwamba wewe ukikosea kugawa, unasema mwenyewe kabla mtu hajaona. Hapo nilijifuta macho.

Nikamwuliza habari ya viganja. Eti kila mgawaji akiondoka mezani hufanya hivyo, watu waone hajabeba kitu. Nami niliyekuzaa nilidhani unatuaga, kumbe uaminifu umekuingia mikononi mpaka unaufanya mbele ya sahani.

Fanya kazi yako, mama. Ila vaa sweta, na usirudi peke yako. Hilo siliachi, iwe sinema isiwe sinema.

Mjomba anakusalimu, sasa anajidai bingwa wa poka, usimsikilize. Shangazi yako muuza vitambaa naye anakusalimu. Msalimie Kidole. Mungu akutangulie uingiapo na utokapo.

Nimemaliza. Nimeweka kalamu chini, nikapiga kofi moja, nikafungua viganja. Sikubakiza kitu.

Wako niliyekukosea, nikupendaye vilevile,
Mama