Ukuta Wako wa Mtoni Tumeuvunja

Kwa jina la Mungu, anayetoa pumzi na kuidai kwa saa aipendayo Yeye. Mdogo wangu Kasiani, pokea salamu za kaka yako kutoka Kizwite. Sisi tuliobaki tu wazima. Mkeo naye huamka, huenda shambani, hurudi. Zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Nakuandikia kukujulisha kwamba tumeivunja kazi yako.

Unaukumbuka ubishi wetu kuhusu chemba ya maji uliyoijenga mtoni, kule Msanzi, wale kome wageni walipoanza kuiziba. Walikuwa wadogo kama maharage, wameng'ang'ania ukuta kwa nyuzi zao hata maji ya zahanati yakapungua. Nilikuambia saruji yako ya kukwaruza inawapa mahali pa kushika. Ukacheka: "Kaka, wewe fundisha katekisimu, saruji niachie mimi." Kisha ukafunga kwenye kamba moja kipande cha saruji, cha bomba la plastiki, cha bati la zinki na cha shaba, ukavizamisha ili mto utuamulie.

Hukuingoja hukumu. Ulishuka na patasi kuwakwangua, ukateleza. Tulikuopoa umeshakata roho, mikono yako ikiwa imechanwa na magamba yao.

Hata makaburini hawakukuacha. Mtani wetu alijivika shada la magamba, akajilaza kaburini mwako, akapaza sauti: "Nimeshika saruji, wafiwa! Nani ana patasi?" Watu walicheka. Tukamtoa kwa kumlipa jogoo wako mwekundu, kama utani unavyodai.

Kamati ya maji, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilitaka chemba ibomolewe upesi. Mkeo alinipigia magoti: "Shemeji, hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Niachieni." Nikawazuia. Wagonjwa wakanywa maji ya madimbwi.

Mvua zilipokatika, siku ya misa ya kukuombea, tuliivuta kamba yako. Shaba ilikuwa safi. Bati lilikuwa na kome wachache. Plastiki ilikuwa imevaa wengi. Saruji yako, ndugu yangu, hatukuiona kabisa. Lilikuwa bonge la kome tupu. Mtani akalipakata kama kichanga, akampelekea mkeo. "Shemeji, mumeo huyo amerudi. Mpokee."

Akalipokea. Safari hii hakuna aliyecheka. Alilishika kitambo, likimlowesha kanga, akaliweka chini. Akaniambia, "Kavunjeni."

Tumevunja. Fundi mwingine ameweka mbao zilizovishwa bati la zinki. Shaba ingeibwa kabla ya Pasaka. Maji yanafika zahanati. Katika sala ya shukrani walimtaja fundi huyo. Wewe hawakukutaja, nami niliyeongoza sala sikukutaja.

Mkeo amekataa kaburi lako lisakafiwe. Anataka udongo mtupu. Basi nakuahidi, magoti yangu yakiwa bado yanakunjika, magugu ya hapo nitayang'oa mwenyewe.

Kwaheri, Kasiani. Mungu akufute matope ya mto ule, akujalie mwanga usiozimika. Naye yeyote atakayeisoma barua hii, pamoja na nyumba yake, amjalie maji safi na amani.

Kaka yako.