Nyuma ya Uzio wa Baba Mkwe

Mbeya, 6 Machi 1957

Dada Tusajigwe,

Kuna sauti haijanitoka tangu Jumamosi: kengele ya redioni ikimkatiza binti katikati ya wimbo, kisha pumzi yake, fupi, kabla hajaitwa mwingine. Kila siku naamka nayo. Sisi wazima. Mguu wako je, na wagonjwa wako huko Iringa?

Baba mkwe amenunua redio ya betri. Kila Jumamosi alasiri majirani hujaa uani kwake kusikiliza mashindano ya waimbaji; anayeshindwa hukatizwa kwa kengele, nao hupiga kelele: "Huyo kameza mfupa!" "Mwacheni, anaogopa tu!" Mimi peke yangu siingii. Unajua mwiko wetu: mke wa mwana haonani na baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Basi nasimama migombani, nyuma ya uzio. Kila mwimbaji akianza, nabana pumzi, kana kwamba ninayepimwa ni mimi.

Mwezi ujao gari la kurekodi linakuja hapa kutafuta waimbaji. Nataka kuimba, dada. Nataka mno. Lakini sauti yangu itatokea kwenye redio yake, ndani ya nyumba yake. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Tupokigwe


Iringa, 20 Machi 1957

Mdogo wangu,

Mguu umepona, baridi ya huku ndiyo haiponi. Mzee Ezekia (nimemtaja mimi, wewe usithubutu!) hastahili kushtukizwa na sauti ya mkwewe mbele ya wageni. Wala usijifiche kwa jina la bandia. Mtume mama mkwe wako akuombee ruhusa. Mzee akikataa, acha.

Nisalimie mumeo, shemeji Asukile.

Dada yako


Mbeya, 4 Juni 1957

Dada mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nisamehe kwa kimya changu. Niliogopa kuandika kabla ya kuona mwisho wa jambo hili.

Mama mkwe alirudi na jibu moja tu: "Anasema redio ni ya watu wote." Asukile akacheka, "Umeruhusiwa hivyo!" Sikuwa na hakika, ila niliimba mbele ya lile gari.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya nyimbo zetu kutangazwa redioni. Kipindi kilipoanza, baba mkwe aliinuka, akabeba kigoda chake, akaenda migombani. Mama mkwe akanijia nyumbani mbio: "Njoo mwanangu, uani hayupo!" Nikaingia mara ya kwanza, nikakaa kati ya watu kujisikiliza, naye amekaa mahali pangu.

Kengele ililia katika ubeti wa pili, kama ilivyolia siku ile mbele ya gari. Nikaisikia ile pumzi, safari hii yangu. Hakuna aliyecheka. Kisha ng'ambo ya uzio:

"Mama Asukile! Waambie mpiga kengele wao hana masikio!"

Uani watu wakaangua kicheko. Mimi nililia.

Jana nilikikuta kigoda bado kiko migombani, kimefutwa vumbi. Sikukikalia, si halali yangu. Nilisimama kando yake kitambo, kisha nikaenda moja kwa moja posta. Jina langu limeshaondoka na basi la asubuhi, kwa mashindano ya Septemba.

Mdogo wako,
Tupokigwe