Saa Mbili za Kadi ya Kijivu

Elephant Road, Dhaka
9 Juni

Kwako dada yangu mpenzi Mahfuza,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Harun, na kwamba Tuli ameshapona kile kikohozi alichokuwa nacho nilipopiga simu wakati wa Idi. Mimi sijambo, ila joto la mwezi huu limetukomesha. Embe ukiliacha mezani asubuhi, jioni limeshalainika. Najua utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Dada, kwenye simu ungenikatiza, na haya nataka uyapokee mpaka mwisho.

Nianze na furaha. Wiki tatu zilizopita alikuja kwenye duka letu la vifaa vya kompyuta Bibi Ishrat, mwenye studio ya filamu za katuni kule Mohammadpur. Wanatengeneza filamu ya mafuriko ya mto Jamuna, na kompyuta zao zilikuwa zimeshindwa kabisa kuchora yale maji. Alitaka kadi thelathini za kuchorea picha ndani ya kompyuta, zote za aina moja, na alitaka aambiwe ukweli, kwa sababu mara ya mwisho alinunua kwa maneno matamu, akachelewesha kazi ya mwaka mzima.

Sisi tulikuwa na kadi moja ya mfano, ya kijivu, nzito, yenye feni tatu. Zillur wa duka la mkabala, unamkumbuka kwenye simulizi zangu, yule anayeongea kama redio, akavuka na kadi yake nyeusi bila kualikwa. Akaiweka karatasi ya sifa za kadi yake kando ya ile ya kwetu, akaanza kusoma. Kumbukumbu sawa, giga kumi na mbili kila moja. Lakini ya kwake ilikuwa na viini vingi zaidi vya kufanyia kazi, na kasi kubwa zaidi. Ya kwetu iliishinda yake sehemu moja tu, upana wa njia ya kupitishia data za kumbukumbu, na hiyo wateja wengi hawaiulizi.

“Moinul, mdogo wangu,” akaniambia mbele ya mteja, “tarakimu si hizo hapo? Au nikuazimie miwani ya bibi yangu?”

Bosi wangu Motaleb alishaanza kufungasha kadi yetu airudishe rafuni. Mimi nikamwambia Bibi Ishrat kwamba tarakimu zote zilizosomwa ni za kweli, ila zimepimwa kwenye chumba chenye ubaridi, na yeye atazitumia Mohammadpur mwezi wa Juni. Nikamwomba atupe saa mbili kwenye chumba chake, kwa kipande cha filamu yake mwenyewe, kompyuta mbili zilizo sawa, vifuniko vimefungwa.

Zillur alicheka mpaka akashika ukuta. “Saa mbili! Kadi inapimwa kwa dakika tano, huyu anataka kuipikia biriani!”

Bibi Ishrat hakucheka. Alisema twende Alhamisi.

Dada, natamani ungekuwepo. Wachoraji karibu ishirini walizunguka zile meza mbili. Nusu saa ya kwanza kadi nyeusi ilimaliza picha thelathini na tatu, ya kwetu thelathini. Zillur akaanza kuwapa watu mikono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Motaleb alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulielezea. Mimi nikaendelea kuandika joto kila baada ya dakika tano.

Kwenye dakika ya arobaini kadi nyeusi ilifika nyuzi tisini, ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni zake zilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Ya kijivu ilikaa kwenye nyuzi sabini na moja, haina habari. Kisha nikamwomba mchoraji mmoja aisogeze ile mashua ya filamu kwenye kioo, huku na huku, katika kompyuta zote mbili. Kwa wastani zilikaribiana. Lakini nikawaonyesha zile picha chache zinazochelewa kuliko zote, maana hizo ndizo zinazoufanya mkono wa mchoraji usite. Kwenye nyeusi mashua ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Yule mchoraji akasema, “Hii ndiyo inayonipa maumivu ya kichwa kila siku!” Saa mbili zilipotimia, nyeusi ilikuwa na picha tisini na saba, ya kijivu mia moja na kumi na nane.

Zillur mwenyewe alinyanyua mikono. Alisema, “Basi, kaka, umenipika mimi badala ya biriani.”

Bibi Ishrat akaniuliza mbele ya wote ni nani aliyenifundisha kupima hivi. Na hapa, dada, ndipo penye sababu ya barua hii.

Nilisema nimebuni mwenyewe.

Walipiga makofi, na Bibi Ishrat akaagiza kwetu kadi zote thelathini. Jumamosi jedwali la kipimo lilibandikwa dukani likiwa na jina langu, na Bibi Ishrat akataka niwe msimamizi wa mashine zote za studio. Nilikubali. Siku nane nilitembea sokoni kifua mbele, nikiwa nimevaa sifa zako. Kwa sababu kipimo ni chako chote. Ni wewe uliyekaa Bogura kwenye duka la mjomba la kutengeneza kompyuta, kabla hujaolewa, saa ya mkononi mbele yako, ukaniambia niiache mashine ichoke kwanza ndipo niiulize inaweza nini. Ni wewe uliyesema wastani unaficha, nitafute picha iliyochelewa. Niliyanakili maneno yako, na ulipoolewa ukaacha masomo sikuwahi hata kukuuliza kama yalikuuma.

Nisamehe. Jumapili iliyopita nilikwenda Mohammadpur nikamweleza Bibi Ishrat kila kitu. Alizipanga kalamu zake moja moja. Halafu akasema, “Kwa hiyo nimeajiri mwanafunzi. Mwalimu yuko wapi?” Nikamwambia yuko Bogura, anafundisha hesabu watoto wa jirani. Akasema aje yeye awe msimamizi, na mimi kama nataka kazi, nitafanya chini yake.

Zillur aliposikia alinijia mbio. “Wewe mzima kweli? Umejipokonya cheo kwa mkono wako!” Lakini sijawahi kutembea Elephant Road nikiwa na fahari kama siku ile. Jedwali limechapishwa upya. Juu kabisa pameandikwa: Kipimo cha Mahfuza Khatun. Wateja wananiuliza ni nani huyo, nami najibu kwa sauti ili Zillur asikie kwamba ni dada yangu wa tumbo moja.

Bibi Ishrat anasubiri neno lako, si langu. Zungumza na shemeji. Studio wana shule ya watoto mtaa huohuo, nimeshaiona, na Tuli ataipenda. Ukikataa pia, jina halitabanduliwa.

Msalimie mama, mwambie dawa zake nitazituma kwa basi la Ijumaa. Mbusu Tuli. Wasalimie majirani wote, na yule mjomba wetu kama bado anauliza nafanya kazi gani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na msaidizi wako ukiniajiri,
Moinul