Breki za Mama Salma

Baba,

Sijui barua ya namna hii huanzwaje. Naanza na habari kabla ya salamu, kama wewe ulivyokuwa ukiingia nyumbani na mikono yenye grisi na kuanza kutangaza jambo la injini hata hujasema hujambo. Gari lako lina breki mpya. Mbele nimefunga diski kubwa, na kalipa za kuzibana zenye pistoni nne zilizotoka kwenye gari kubwa la ukoo uleule. Mipira ya mafuta ya breki ni ile iliyosukwa kwa waya wa chuma, uliyokuwa ukiitazama kwenye simu huku chai inapoa. Najua unachotaka kuuliza sasa hivi: nani alikanyaga pedeli wakati wa kutoa upepo kwenye breki? Subiri, nitafika huko.

Na sasa salamu. Hatujambo, Baba. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie huko uliko. Miezi minane imepita, na bado nikisikia mlio wa dizeli ukipanda kilima chetu cha Mbuya nainua kichwa. Majirani bado wanatuogopa kidogo kwa sababu tunaongea Kiswahili nyumbani, lugha ya wanajeshi huku kwetu. Wiki iliyopita mpangaji mpya wa nyuma alinipigia saluti. Nilimweleza kwamba hatuna mwanajeshi hata mmoja, kwamba babu wa baba yangu alikuja na biashara kutoka pwani na lugha ikabaki humu ndani. Akasema "Kale, nnyabo," yaani sawa, mama, na kesho yake akapiga saluti tena. Ungecheka mpaka ukohoe.

Wakati ule hospitalini, siku ya mwisho uliyoweza kuongea kwa urefu, nilidhani utaniusia mambo makubwa. Ulinishika mkono ukasema, "Salma, zile breki. Zibadilishe, Mama yako arudi kukaa mbele." Kisha ukafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Nilikasirika, Baba. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, nikijiuliza huyu mzee hata leo anawaza gari. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hukuwa unawaza gari.

Mama hakuwa amekaa kwenye kile kiti kwa miaka miwili. Sote tulijua sababu, na sote tuliizunguka kama shimo la barabarani. Wewe uliifundisha kompyuta ya injini upya, gari likapata nguvu ya kulipita basi kwenye mlima bila kuhema, ukatutangazia kwa furaha kwamba sasa hilo ni gari. Nilikuuliza kuhusu breki. Ukasema breki zitafuata. Nguvu kwanza, kusimama baadaye! Mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa mtaa huu anasema hivyo na hakuna wa kumbishia.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kutoka Jinja. Tulikuwa tumelipeleka gari kupumua, kama ulivyokuwa ukituambia. Kila Jumapili asubuhi, mwendo mrefu usio na foleni, injini ipate moto wa kutosha kuchoma masizi kwenye chujio lake la moshi. Mama alibeba bakuli la samaki mapajani. Ulikuwa umeshafunga breki mara nyingi njiani, maana ulikuwa unaonyesha nguvu zako mpya, na tulipofika ule mteremko wa kabla ya Lugazi, nyuma ya trela la miwa, pedeli ikazama laini kama imekanyagwa kwenye ugali. Nilikuona ukiikanyaga mara ya pili, ya tatu. Tukaishia kwenye majani kando ya barabara, wazima, mchuzi wote ukiwa kwenye gomesi ya Mama, lile vazi lake refu. Mama alishuka, akajipangusa, na kwa kuwa akikasirika huacha Kiganda chake na kuja kwenye Kiswahili chako ili usipate kisingizio cha kutoelewa, akasema: "Mimi hapana panda hii gari tena mpaka inajifunza kusimama!" Akasimamisha teksi. Wewe ukaifuata ile teksi kwa mwendo wa kobe mpaka Kampala, taa za hatari zikiwaka, na mimi kiti cha nyuma nikitamani kucheka na kulia.

Hukumwomba radhi. Uliingia nyumbani ukaosha lile bakuli mwenyewe, basi. Baadaye maradhi yakakuchukua, na kile kiti kikabaki kitupu.

Baada ya kukuzika sikuligusa gari kwa wiki nyingi. Kisha nikawa naliendesha kwenda kufundisha Kyambogo na kurudi, safari fupi, foleni, safari fupi, foleni, ile tabia uliyoniambia inaua dizeli polepole. Taa ya njano ya chujio la moshi ikawaka. Nikavuta kijiti cha oili na kukinusa kama ulivyokuwa ukifanya, jinsi Mama anavyonusa maziwa, nikasikia harufu ya dizeli ndani ya oili. Niliona aibu mbele yako. Mama akasema tuliuze. Alisema bila ugomvi, akichambua mchicha, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamwambia nipe muda. Sikumweleza uliyoniambia hospitalini, kwa sababu niliogopa atasema amechelewa.

Nikamtafuta Fundi Bahati. Unamkumbuka alivyokuja kwako kutoka Bukavu na spana tatu kwenye mfuko wa plastiki; sasa ana gereji yake na bado picha yako iko ukutani, ile ambayo umefunga macho. Tulimwaga oili ile, tukaweka mpya na chujio jipya la oili. Kalipa nilizipata kwa mtu anayebomoa magari yaliyogongwa. Bahati alizifungua, akaweka sili mpya, akazipaka rangi nyeusi kwa sababu nilimwambia wewe ulizichukia nyekundu. Tukaja kuzifunga nyumbani uani, gari likiwa juu ya magogo yako. Nilijisikia fundi kweli, Baba. Nilijiona wewe.

Mpaka tukainua gurudumu kulirudisha. Halikuingia. Rimu iligonga kalipa na kugoma, upande huu na upande ule. Bahati akaegemea ukuta akaniangalia kwa huruma. "Dada Salma, Muzee alikuwaka anapima mbele ya kununua."

Alikuwa sahihi. Nimekua nikikuona ukikata kadibodi. Hujawahi kununua kifaa bila kukata umbo lake kwenye kadibodi na kuliingiza mahali pake kwanza. Nyumba nzima ilijaa maumbo ya ajabu, mengine nilichezea nikiwa mdogo nikiyaita samaki. Na mimi, mtoto wako, nilinunua kwa macho. Nilikaa chini kando ya gurudumu nikalia, Bahati akajifanya anatafuta kitu kwenye gari lake.

Gari lilikaa juu ya magogo siku sita. Mama alipita kando yake akienda kuanika nguo. Siku ya saba nikafungua sanduku lako la chuma, lile la chini kabisa, nikitafuta mkasi ili nami nikate kadibodi kama mtu mwenye akili. Mkasi ulikuwepo. Chini yake kulikuwa na kadibodi imeshakatwa.

Nilijua ni nini kabla sijaigeuza. Ilikuwa umbo la kalipa ya pistoni nne, Baba. Ileile. Uliikata kwa uangalifu, na pembeni umeandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wako ulioinama: "Mbele. Rimu 18. Kabla ya Idi. Asijue." Nikaigeuza upande wa pili nikakuta maandishi ya Mama kwa kalamu nene: GOMESI YA KWANJULA.

Unakumbuka boksi lile? Boksi alimohifadhi gomesi aliyovaa siku ulipopelekwa kwao kutambulishwa kwa wazee. Mwaka jana alilikuta limekatwa ubavu mzima na akanishutumu mimi. Wiki mbili nilikula matusi ya Kiganda kwa ajili yako, na wewe umekaa hapo unapuliza chai, hata jicho hukupepesa. Mwizi mkubwa wewe.

Kwa hiyo ulikuwa umepanga. Ulikuwa umepima, umeandika, umeweka na siku. Idi ile ilikukuta Mulago wodini.

Nilikaa na ile kadibodi sijui muda gani. Kisha nikaingia ndani nikampa Mama, bila maelezo. Aliangalia kwanza upande wa maandishi yake, akavuta pumzi ya kugomba. Akageuza. Mama hasomi haraka, unajua. Alisoma lile neno la mwisho kwa kidole. "Asijue." Akasema kwa Kiganda, "Kumbe mwizi alikuwa yeye," akaingia chumbani na kadibodi akafunga mlango. Nilipika mimi. Hakutoka kula.

Kesho yake alinirudishia. "Peleka, pima," akasema. Tukaenda na Bahati kwa yule mbomoaji, tukaingiza kadibodi yako kwenye rimu za lile gari kubwa, ikazunguka na kubakiza nafasi ya kidole kimoja, tukazinunua zote nne. Ulipima vizuri, Baba. Spea yako ya zamani, yenye rimu ndogo, sasa inaingia nyuma tu, kwa hiyo ya mbele ikipasuka nitahamisha ya nyuma kwenda mbele. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya buti, maana najijua.

Ikabaki kutoa upepo. Bahati aliitwa kazini kwake, nami nikawa nimesimama uani na chupa ya mafuta ya breki na mpira mwembamba, peke yangu, nikifikiria. Tangu nikiwa na miaka saba pedeli ilikuwa yangu. Wewe chini kwenye gurudumu, mimi juu na mguu usiofika vizuri, nikishikilia ukingo wa kiti. "Kanyaga." "Nimeshika." "Achia." Sasa niliyejua kulala chini ni mimi, na juu hapakuwa na mtu.

Mama akatoka jikoni, leso kiunoni, viatu mkononi. Akafungua mlango wa dereva akakaa. Miaka miwili na zaidi, Baba, kisha akakaa kama anayekaa kwenye kigoda chake. "Wewe lala chini," akasema. "Tunaanza nyuma kushoto, si ndiyo?"

Hukuwahi kuniambia kwamba kabla yangu pedeli ilikuwa ya Mama. Kwamba mlipokuwa hamna gereji wala mtoto, mliishi chumba kimoja, yeye alikanyaga na wewe ulilala chini kwenye magari ya watu, mpaka tumbo lake lenye mimi likawa kubwa mno kukaa nyuma ya usukani. Alinisimulia haya yote mguu ukiwa kwenye pedeli. Nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Hakukosea hata mara moja. Sauti yake ya "Nimeshika" ni yangu, au labda yangu ilikuwa yake. Povu lilipokwisha kwenye mpira na mafuta yakaja safi, akaikanyaga pedeli mara ya mwisho, ikawa ngumu kama jiwe, na akasema kwa Kiganda neno ambalo sitaliandika kwa marehemu.

Jumapili tukaenda. Ndiyo, amekaa mbele. Asubuhi, barabara bado tulivu, nilizizoesha pedi mpya za breki kama ulivyonifundisha: kutoka kasi ya kawaida, kupunguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, tena na tena, kisha mwendo mrefu zipoe. Harufu ilipotoka Mama alinikazia macho. Nikamwambia ni kawaida, akaendelea kunikazia. Taa ya njano ilizimika kabla ya msitu wa Mabira. Wakati wa kurudi, kwenye ule mteremko wetu, kulikuwa na trela la miwa mbele, wallahi sikulipanga. Nikaona mguu wa Mama umekanyaga sakafu. Nikagusa breki. Gari likatulia chini taratibu, mbali na trela, hata mfuko wa Mama haukuteleza mapajani. Mama aligeuka akayatazama yale majani ya kando ya barabara mpaka yakapita.

Tulipofika nyumbani sikuzima injini. Unajua kwa nini. Zile dakika mbili za kuacha turbo ipoe, ulizozitumia kunihoji mambo yote ya shule na ya wavulana kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Mama akauliza mbona sizimi. Nikasema Baba alitaka lipumue kwanza. Akarudi akaegemea kiti. Basi tukakaa, dizeli ikinguruma polepole, mimi upande wako, yeye upande wake.

Baba, naahidi. Oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Mafuta ya breki hayatazeeka. Kila Jumapili litapumua, na kadibodi yako itakaa kwenye kisanduku cha mbele, karibu na magoti ya Mama, kwa sababu ndipo alipoiweka mwenyewe. Halitauzwa. Lala salama, mzee wangu. Nakupenda, na nimekusamehe zile wiki mbili za matusi.

Nilikuwa nimeshika ufunguo kuzima injini Jumapili ile ndipo Mama alipoongea, akitazama mbele. Nakuandikia alivyosema, kwa Kiswahili chake, kile alichokuwekea wewe peke yako:

"Ambia yeye. Gari sasa inajua kusimama. Na mimi nimerudi mbele."

Mwanao,
Salma